WhatsApp, Facebook au Telegram inasumbua kwenye kompyuta? Jua kwanza kama kosa ni la programu au la kivinjari

Mtu akisema "WhatsApp ya kompyuta imegoma", swali la kwanza la kumuuliza ni hili: unaifungulia wapi? Ndani ya Chrome, au umeipakua na ina aikoni yake chini ya skrini? Wengi hawana uhakika, na hawana kosa, maana kwa macho ni kitu kilekile. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua utafute chanzo wapi. Ujumbe unaochelewa ndani ya kivinjari una sababu zake, na ukichelewa kwenye programu iliyosakinishwa sababu ni nyingine kabisa. Watu hufuta na kusakinisha upya kutwa nzima, bando linaisha, na tatizo liko palepale kwa sababu tangu mwanzo lilikuwa kwenye saa ya kompyuta.

Hapa nitafuata dalili moja baada ya nyingine. Nazungumzia Windows zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyojaa maofisini, kwenye steshenari na kwenye laptopu za mtumba ambazo wengi wetu tunazitumia.

Unachotumia ni kitu gani hasa?

Ziko aina tatu, na ya pili ndiyo inayowachanganya watu.

Ya kwanza ni programu iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta yenyewe. Telegram Desktop ni mfano mzuri: imeandikwa kwa lugha ya C++, haitegemei kivinjari chochote, na inafunguka upesi hata kwenye mashine ya zamani.

Ya pili ina aikoni na dirisha lake kama programu, lakini ndani yake kuna kivinjari kizima kilichofichwa. Signal na Discord ziko hivyo. Zimejengwa kwa Electron, zana ya kutengenezea programu ambayo hubeba Chromium yake yenyewe, yaani kiini cha Chrome. WhatsApp nayo imehamahama. Ilianza kwenye kivinjari peke yake Januari 2015. Mei 2016 ikatoka programu ya Windows na Mac, iliyojengwa kwa Electron. Mwaka 2022 likaja toleo jipya la Windows lililotengenezwa kwa Windows hasa, jepesi na la haraka, na watu wakalipenda. Halafu mwaka 2025 Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, ikaanza kuliondoa na kuweka lingine ambalo kwa kweli ni WhatsApp Web iliyowekwa ndani ya WebView2, yaani injini ya Edge, kivinjari cha Microsoft.

Ya tatu ni ukurasa wa wavuti uliopewa aikoni. Instagram unayoikuta kwenye duka la Microsoft ni ya kundi hili. Ukiisakinisha, hujapata kitu kikubwa kuliko kufungua instagram.com ndani ya Edge.

Kutaka kujua WhatsApp yako ni ya aina gani, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, nenda sehemu ya Details, kisha fungua na kufunga WhatsApp huku unaangalia. Mistari ya msedgewebview2.exe ikiongezeka unapofungua na kupungua unapofunga, basi una kivinjari ndani ya kava. Ule ushauri wa siku nyingi kwamba "weka programu, ni nyepesi kuliko kivinjari" umekufa kwa WhatsApp ya aina hiyo. Kwa Telegram bado ni kweli.

Kabla ya kufuta chochote, ifungue kwa njia ya pili

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Programu ikigoma, fungua akaunti ileile kwenye kivinjari: web.whatsapp.com, web.telegram.org, facebook.com. Kivinjari kikigoma, jaribu kwanza dirisha la hali fiche (Incognito), kwa sababu huko viendelezi, yaani vinyongeza vilivyowekwa kwenye kivinjari, kwa kawaida huwa vimezimwa. Kisha jaribu kivinjari kingine. Mwisho ndiyo ujaribu programu.

Njia moja ikikubali na nyingine ikakataa, mtandao wako ni mzima na akaunti yako ni nzima. Shughulika na ile iliyokataa tu. Zote mbili zikikataa huku simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo inafanya kazi, kosa ni la kompyuta: saa, antivirusi, au proksi (kituo cha kati kinachopitishiwa intaneti) iliyosahaulika kwenye mipangilio. Simu nayo ikikataa kwenye Wi-Fi lakini ikakubali kwa data ya laini, tazama ruta au kampuni ya intaneti. Na kila kitu kikikataa, huduma yenyewe ina matatizo au imezuiwa mahali ulipo.

Kuna faida nyingine ya kupitia kivinjari hata kama wewe ni mtu wa programu: kivinjari kinasema. Kitakuandikia kwamba cheti cha usalama cha tovuti kimepitwa na tarehe, au muunganisho umekatwa, au anwani haikupatikana. Programu mara nyingi inazungusha kiduara na kuandika "Inaunganisha" hadi uchoke. Kwa hiyo hata pale ambapo ugonjwa uko kwenye programu, kivinjari ndicho ninachokitumia kupimia.

Kompyuta inakuwa nzito, feni inavuma, kipanya kinakwama

Kwenye mashine ya GB 4 za RAM, sababu ya kawaida ni kwamba kazi moja inafanywa na vitu viwili au vitatu kwa pamoja. Chrome iko wazi na WhatsApp Web ndani yake, huku programu ya WhatsApp nayo ilijiwasha yenyewe asubuhi Windows ilipoanza, na Discord iliyowekwa na mtoto imekaa pembeni ya saa. Kila moja ya hizo imebeba injini yake. Kurasa zilizo ndani ya kivinjari kimoja hutumia sehemu kubwa ya injini kwa pamoja. Programu za Electron hazishirikiani hivyo.

Fungua Task Manager, ingia sehemu ya Startup, uzime kila usichokihitaji mara kompyuta inapowaka. Kumbuka pia kwamba kubonyeza X kwenye dirisha la programu nyingi hakuizimi. Inajificha kwenye aikoni ndogo karibu na saa. Bonyeza aikoni hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua kuifunga kabisa.

Ukiwa ndani ya Chrome, Shift+Esc hufungua orodha inayoonyesha kila ukurasa unakula kiasi gani. Mara nyingi Facebook itakuwa juu. Ukurasa wake unaoshuka bila mwisho unarundika kumbukumbu: kadiri unavyoteremka, picha na video ulizopita nyingi zinabaki zimeshikiliwa. Kubonyeza F5 mara moja, yaani kupakia ukurasa upya, kunaziachia. Anayesimamia ukurasa wa biashara na kuuacha wazi tangu saa mbili asubuhi anatakiwa auonyeshe upya mara kadhaa kwa siku, basi.

Ukiona diski iko asilimia 100 wakati wote na diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, Windows inahamishia kumbukumbu kwenye diski kwa sababu RAM imejaa. Hapo hakuna mpangilio wa WhatsApp utakaokuokoa. Ongeza RAM au weka SSD. Ni pesa ambayo mashine ya zamani inairudisha siku hiyohiyo.

Msimamo wangu kwa mashine ya GB 4 uko wazi: kila kitu kiwe kwenye kivinjari kimoja, isipokuwa Telegram, ambayo iwe programu. Kuanzia GB 8 chagua kwa sababu nyingine, uzito usikutishe.

Skrini ikiwa nyeusi au inametameta ndani ya ukurasa tu, huku sehemu nyingine za kompyuta ni nzima, ni kadi ya picha haielewani na kivinjari. Andika chrome://settings/system kwenye sehemu ya anwani, zima uongezaji kasi wa michoro, kisha anzisha Chrome upya.

Ujumbe hauingii mpaka uguse ukurasa

Dalili hii inaonekana vizuri sana kwenye steshenari. Mteja amesimama kaunta, anasema "nimeshatuma, angalia", anaonyesha na tiki mbili kwenye simu yake. Dada wa kompyuta anatazama skrini, hakuna kitu. Anahamia kwenye kichupo cha WhatsApp, ukurasa unajipakia upya, na ghafla PDF sita za watu sita zinashuka kwa pamoja, ikiwemo ya mtu aliyekata tamaa akaondoka. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Kichupo kilikuwa kimelazwa.

Vivinjari vya sasa hubana kurasa usizozitazama ili kuokoa betri na RAM. Tangu Chrome 88 ya Januari 2021, ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika tano unaweza kuruhusiwa kuamka mara moja tu kwa dakika kwa baadhi ya kazi zake. Baadaye ukaja mpangilio wa kuokoa kumbukumbu, ambao huutoa kabisa kwenye RAM ukurasa usiotumika; Edge nayo ina utaratibu wake wa kulaza vichupo. Tiba ni kukiambia kivinjari kisiuguse ukurasa wako. Kwenye Chrome fungua chrome://settings/performance, nenda kwenye orodha ya tovuti zinazoachwa hai kila wakati, uongeze web.whatsapp.com. Kwenye Edge, sehemu ya mfumo na utendaji ina orodha kama hiyo. Kwa steshenari, ofisi ya oda au duka linalopokea wateja kwa WhatsApp, mpangilio huu uwekwe siku ileile kompyuta inapowekwa mezani.

Jambo la pili ni ruhusa. Ujumbe unaingia, lakini hakuna mlio wala kisanduku pembeni. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, utaona kama arifa zimeruhusiwa. Wengi walibonyeza "Zuia" siku ya kwanza bila kusoma, na kivinjari hakiulizi tena. Ruhusa ikiwa ipo na bado kimya, toka kwenye kivinjari uende Windows: Settings, System, Notifications. Hakikisha Chrome yenyewe haijazimwa na ile hali ya kutosumbuliwa haijawashwa. Windows huiwasha yenyewe unapocheza gemu au unapoonyesha skrini kwa projekta, na mtu hushangaa kwa nini kimya kimetanda.

Kwenye programu iliyosakinishwa hakuna habari ya kichupo kulala. Ikichelewa, tazama hali ya kuokoa betri, na uone kama uliifunga kabisa kwa kudhani umeipunguza. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kujibu wateja, hii ndiyo sababu nzito ya kuchagua programu badala ya kivinjari, hata kama inakula RAM.

Kila siku inakutoa na kudai uskani msimbo upya

Kwenye kivinjari, kisa karibu kila mara ni kimoja: kuna kinachofuta data. Inaweza kuwa mpangilio wa kufuta vidakuzi (cookies) kila kivinjari kinapofungwa, dirisha la hali fiche, au ile programu ya "kusafisha kompyuta" ambayo fundi aliiweka na inafuta kila inachokikuta. WhatsApp Web huhifadhi ujumbe na funguo zake ndani ya hifadhi ya kivinjari. Hifadhi ikifutwa, kwa WhatsApp hiyo ni kompyuta mpya. Diski iliyojaa nayo inaleta dalili hiyohiyo, kwa sababu nafasi ikibana kivinjari kinaruhusiwa kutupa data ya tovuti. Kabla ya kulaumu mtu, angalia diski C imebaki na nafasi kiasi gani.

Kama ni programu na kivinjari vyote vinatolewa kwa pamoja, geukia simu. Siku hizi simu haihitaji kuwa hewani ili kompyuta ifanye kazi, lakini isipotumika kwa takriban siku 14 vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa. Hili huwakuta wenye laini ya ofisi iliyo kwenye simu inayolala kwenye droo. Fungua WhatsApp kwenye simu hiyo angalau kila wiki. Akaunti moja pia hubeba vifaa vinne tu zaidi ya simu, kwa hiyo katika ofisi yenye watu wengi mtu akitaka kuongeza chake, mwingine huondoa cha mwenzake, na mlalamikaji hajui kilichotokea.

Msimbo wa QR ukikataa kutokea, zima kizuia matangazo kwa tovuti hiyo. Kamera ya simu ikiwa imepasuka, tumia njia ya kuunganisha kwa namba ya simu. Utapewa herufi na tarakimu nane za kuandika kwenye simu.

Mazungumzo ya zamani kutoonekana kwenye kompyuta si hitilafu. Kompyuta hupewa sehemu ya karibuni ya historia; ya zamani hubaki kwenye simu. Mazungumzo ya siri ya Telegram nayo hukaa kwenye kifaa kilichoyaanzisha pekee, na Telegram ya Windows na ya kivinjari hazina mazungumzo hayo kabisa. Usisakinishe upya ukiyatafuta.

"Inaunganisha..." isiyoisha

Tazama saa. Nasema kweli, tazama pembeni ya skrini kabla ya lolote: tarehe na mwaka ni sahihi? Kompyuta iliyokaa miaka mingi huishiwa na kibetri kidogo cha duara kilicho kwenye ubao wake, CR2032, na kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko mwaka 2012 inavikataa vyote. Chrome itakuambia wazi muunganisho si wa faragha, na chini yake NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Programu yenyewe huenda ikazungusha kiduara tu. Rekebisha saa, iwekwe ijipange yenyewe kupitia intaneti, na ununue kibetri kipya. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na safari za kwa fundi.

Saa ikiwa sawa, angalia proksi. Windows: Settings, Network, Proxy. VPN (programu ya kupitishia intaneti kwenye seva nyingine) iliyoondolewa vibaya huacha mpangilio wake huko nyuma, na kila kinachopita kwenye mpangilio huo kinaelekezwa mahali pasipokuwepo.

Halafu kuna kuzuiwa, na hili lisemwe bila kuficha kwa sababu linawapotezea watu muda na pesa. Nchini Uganda, Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi na ikabaki imefungwa hata huduma nyingine ziliporudishwa. Nchini Tanzania, X (zamani Twitter) ilizuiwa Mei 2025. Kenya ilibana Telegram Novemba 2023 na tena Novemba 2024, kipindi cha mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari. Katika hali hizo hakuna kusakinisha upya kutakakosaidia. Dalili yake ni kwamba tovuti nyingine zote zinafunguka vizuri, moja tu ndiyo inakatika, na inakatika vilevile kwenye programu, kwenye kivinjari na kwenye simu. Anayefikiria VPN akiwa Tanzania ajue pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili.

Simu: anakusikia, humsikii, au kitufe cha kupiga hakipo

Kitufe kikikosekana kabisa, huenda uko kwenye toleo lisilokuwa na huduma hiyo. WhatsApp iliweka simu za sauti na video kwenye programu ya kompyuta Machi 2021, na kwa miaka mingi toleo la kivinjari liliachwa bila simu. Kwa anayepiga simu nyingi za WhatsApp akiwa mezani, programu ndiyo ya kutegemea. Simu za Facebook zinafanya kazi ndani ya kivinjari.

Kitufe kikiwepo na sauti haiendi, kumbuka ruhusa ziko ngazi mbili. Windows ina yake: Settings, Privacy, Microphone, na chini kabisa kuna swichi ya programu za kawaida za mezani, ambayo wengi hawaifikii. Kivinjari nacho kina yake kwa kila tovuti, kwenye ileile alama iliyo kushoto mwa anwani. Ngazi moja ikifungwa, nyingine haina msaada. Kamera ikionyesha weusi, funga Zoom au chochote kilichoishikilia.

Bando linayeyuka

Laptopu ikiunganishwa na hotspoti ya simu, Windows inaichukulia kama Wi-Fi ya nyumbani isiyo na kikomo, kwa hiyo inaanza kuvuta masasisho yake na programu zinavuta picha za makundi yote. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, uwashe swichi inayosema muunganisho unapimwa (Metered connection). Fanya hivyo kwanza, kisha ndiyo utafute mwizi mwingine.

Ukurasa wa matumizi ya data ndani ya Windows unaonyesha kila programu imekula kiasi gani. Hapo programu ina ubora wake: Telegram itasimama na jina lake, wakati kwenye kivinjari Facebook, X na YouTube zote zitaandikwa Chrome na hutajua ni ipi. Kwenye Telegram Desktop, mipangilio ya juu ina sehemu ya kupakua midia kiotomatiki, ikitenganisha mazungumzo binafsi, makundi na chaneli. Zima makundi na chaneli. Kwenye Facebook na X, zima video zinazojicheza zenyewe. X inaweka jambo hilo chini ya matumizi ya data, ndani ya sehemu ya ufikivu na mwonekano.

Faili imeshuka lakini haifunguki, au inafunguka kitu kingine

Kwenye kivinjari faili huenda kwenye folda ya Downloads na historia yake unaiona kwa Ctrl+J. Programu zina folda zake, na ndiyo maana mtu anasema "nimepakua lakini sioni". Telegram hutengeneza folda ya Telegram Desktop ndani ya Downloads. Video ikifika imefifia, mwambie aliyeituma aitume kama hati. WhatsApp na Telegram hupokea hati hadi GB 2.

Lakini jambo kubwa hapa ni usalama. Kivinjari kimejengwa ili ukurasa usiweze kugusa faili zako hovyo. Programu iliyosakinishwa iko karibu zaidi na kompyuta, na kosa lake linauma zaidi. Aprili 2025 Meta ilitangaza udhaifu katika WhatsApp ya Windows, matoleo ya kabla ya 2.2450.6: kiambatisho kiliweza kuonekana kama picha, na ukikifungua kutoka ndani ya WhatsApp, Windows ikakiendesha kwa mujibu wa mwisho wa jina lake, yaani kama programu. Fikiria mhudumu anayefungua "picha" za watu asiowajua siku nzima. Kwa hiyo sasisha programu, na uwashe Windows ionyeshe mwisho wa majina ya faili: kwenye File Explorer, sehemu ya View. Chochote kinachoishia na .exe, .bat, .lnk, .vbs au .js kutoka kwa mtu aliyesema anatuma CV kisifunguliwe.

Upakuaji wenyewe ufanye kutoka duka la Microsoft au tovuti rasmi uliyoiandika mwenyewe. Usibonyeze tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji. Matangazo ya aina hiyo yamewahi kutumika kusambaza programu bandia. Viendelezi vya "kutuma WhatsApp kwa watu elfu moja" navyo viache: kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma ukurasa wa WhatsApp Web kinasoma kila unachosoma wewe, na kutuma kwa wingi kwa njia hiyo hufungisha akaunti.

Programu inasema haitumiki tena

Angalia kwanza kama bado ipo duniani. Messenger ya Windows na Mac, iliyotoka Aprili 2020, ilifungwa na Meta tarehe 15 Desemba 2025, na watumiaji wakaelekezwa kwenye tovuti ya Facebook. Hakuna toleo la kupakua litakaloirudisha. Anayekuuzia flashi yenye "Messenger ya kompyuta" anakuuzia hatari. TweetDeck ya Mac, programu ya kusimamia akaunti za Twitter, ilikufa Julai 2022.

Windows yenyewe inaweza kuwa ndiyo kikwazo. Chrome 109 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1, na Firefox 115 ESR, toleo la msaada wa muda mrefu, ndiyo ya mwisho kwa matoleo hayo. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye Windows 7 programu ya WhatsApp haipo kabisa, na kivinjari kilichozeeka siku moja kitaambiwa kijisasishe wakati hakiwezi. Telegram Desktop ndiyo iliyowavumilia watu wa Windows 7 kwa muda mrefu.

Kompyuta inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja

Hapa sina mjadala: tumia kivinjari, kwenye dirisha la hali fiche, na usikubali kivinjari kikuhifadhie nenosiri. Programu iliyosakinishwa hukumbuka akaunti hata baada ya kompyuta kuzimwa, na atakayeketi baada yako atasoma mazungumzo yako na kupokea misimbo yako.

Kama umeshaondoka na unahisi uliacha akaunti wazi, huna haja ya kurudi. Kwenye WhatsApp ya simu, fungua vifaa vilivyounganishwa, gusa kile usichokitambua, ukitoe. Telegram ina orodha ya vifaa kwenye mipangilio, yenye kitufe cha kufunga vikao vingine vyote kwa mara moja. Facebook na Instagram zinayo kwenye Accounts Center, chini ya nenosiri na usalama, mahali unapoingilia. Orodha hizo huonyesha aina ya kifaa na mara ya mwisho kutumika, kwa hiyo ni rahisi kuona kompyuta ya Windows iliyo hai saa nane za usiku wakati wewe ulikuwa umelala. Ukiikuta, itoe, badilisha nenosiri, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kabla hujafunga ukurasa huo.